Jioni Niliyomfungua Mbuzi

Mkeka wa mafunjo ukiwa bado mbichi unanuka bwawa. Sijui nimwelezeje mtu ambaye hajawahi kukaa ndani ya mtumbwi magoti yakiwa kidevuni: ni tope, ni majani yaliyokatwa asubuhi, na chini yake kuna utamu kidogo kama wa ganda la muwa. Juzi nilikuwa sokoni hapa Gitega nikitafuta mkeka wa kumpelekea Divine, binti wa shangazi yangu, aliyejifungua huko Gashoho alikoolewa. Muuzaji alinikunjulia mmoja, akaupiga makofi mawili matatu kama wanavyofanya ili uone ulivyosukwa, na ile harufu ikanipanda puani. Nilisahau hata kupatana bei. Akaniuliza, "Mama, we unalia ama ni mafua?" Nikamwambia ni mafua, naye akanitazama kama mtu aliyeuza mikeka kwa waongo wengi.

Nilikuwa na miaka minane, labda tisa. Tulikuwa tumerudi Burundi miezi michache tu. Nasema tumerudi kwa sababu ndivyo wakubwa walivyosema, lakini mimi sikuwa nimewahi kufika. Nilizaliwa kambini Tanzania, na mama yangu mwenyewe alikuwa amevuka kwenda huko akiwa mtoto wa umri wangu. Lori lilitushusha Muyinga na magodoro yetu, na baada ya kuzungushwa huku na huku tukafika kwenye kilima cha ukoo wa baba, huko Bugendana, tukajenga nyumba ya matofali mabichi inayotazama bonde la mto Ruvubu. Watoto wa kilimani walikuja kutusikiliza tu. Kirundi chetu kiliwachekesha mpaka wakakaa chini.

Bibi, mama yake mama, hakurudi nasi. Amelala kulekule kambini. Lakini aliniachia habari moja ambayo alinisimulia mara nyingi mno, kila tulipokuwa tunachambua maharage. Siku walipokimbia, walivuka Ruvubu jioni, kwa mtumbwi, kimya, bila kumuaga mtu. Katika haraka ile bibi akasahau kumfungua ng'ombe wake aliyeitwa Bihogo. Walipofika katikati ya maji wakamsikia analia zizini, na aliendelea kulia hadi wakashuka ng'ambo. Bibi alikuwa amepoteza nyumba, shamba na mume, lakini ukimwachia nafasi ya kusema, alimsema Bihogo. "Siku ukikimbia," aliniambia, "vyombo achana navyo. Kwanza fungua mnyama. Na usiulize maswali, mtoto anayeuliza anawachelewesha wenzake." Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa dhati kabisa, kama wenzangu wa shule walivyoahidi kuwa padri au mtawa.

Sasa, pale kilimani tulikuwa na mnyama mmoja. Alikuwa mbuzi jike, mweusi, mwenye sikio moja jeupe. Shangazi Spès, dada yake baba, ambaye alirudi miaka kadhaa kabla yetu na kuolewa upande wa chini wa bonde, alituletea siku ya kwanza tulipolala chini ya paa letu wenyewe. Tukamwita Karibu. Alikuwa na mimba, na mtoto wake wa kwanza alikuwa wa shangazi, maana ndiyo desturi: ukipewa mnyama, unarudisha mzao wa kwanza, na hapo undugu unakuwa umefungwa kweli. Kazi ya kumtunza Karibu ilikuwa yangu. Nilimkatia majani, nilimsogeza kivulini, na nilimweleza mambo ya kambini ambayo watoto wa kilimani hawakutaka kuyasikia. Alikuwa msikilizaji mzuri kwa sababu mdomo wake ulikuwa na shughuli wakati wote.

Jirani yetu alikuwa mzee Kabura, na yeye nilimchukia. Miaka yote tuliyokuwa hatupo alikuwa amelima kipande cha shamba la babu, na hakuna aliyenificha hilo. Kambini nilikuwa nimesikia wakubwa wakinong'ona kwamba ukirudi utamkuta mtu amekaa kwenye ardhi yako, na kwamba mambo hayo huisha vibaya. Wiki ile nilimwona Kabura jioni tatu mfululizo amesimama na baba penye migomba ya mpakani. Waliongea kwa sauti ya chini. Kabura alikuwa na kamba ndefu ya mkonge yenye vifundo vifundo, akiiburuta ardhini, baba akimfuata na vijiti. Nikajua Kabura anapima shamba letu ili atutoe.

Kwa hiyo usiku mmoja nilipowasikia wazazi wangu wanaongea nyuma ya pazia, sikushangaa. Baba alisema, "Saidi atapita kesho jioni, tutapanda naye." Mama akasema, "Basi tubebe kidogo. Na watu wasijue." Ni hayo tu. Nililala nimekodoa macho, nikamsikiliza mdogo wangu anavyopumua, na nikamwonea huruma kwa sababu alikuwa ndiyo kwanza amejifunza kutembea na sasa angebebwa tena.

Siku iliyofuata kila nilichokiona kilinithibitishia. Mama alipika viazi vitamu vingi kuliko matumbo yetu. Alitoa kitenge chake kizuri kwenye sanduku, akakikung'uta, akakifunga juu ya kile cha kila siku. Baba alileta dumu la njano, lile lile tulilochotea maji kambini, limejaa na limezibwa kwa jani la mgomba, nikaelewa kwamba ni maji ya njiani. Akalificha jembe juu darini. Mama akamwagia moto maji. Nilipokaribia kumuuliza, akaniwahi: "Vaa gauni la kanisani. Na usimwambie mtu tunakokwenda." Nisingeweza kumwambia mtu, kwani sikujua.

Nikaenda nyuma ya nyumba. Karibu alikuwa amelala, anatafuna, tumbo limemtuna pande zote mbili. Kifundo kilikuwa kigumu, nikakifungua kwa meno. Nikamwambia akanywe maji ya chini kwenye chemchemi, asiende barabarani, na akizaa asimlaze mtoto penye unyevu. Nilitaka kumkumbatia shingo lakini mama aliita. Nikaitupa kamba kwenye migomba, nikakimbia.

Mzee Saidi alikuwa mtu wa mjini, wa zile familia za Waislamu wa Gitega wanaoishi kwa biashara na kazi za mikono. Kwake walisuka mikeka, na yeye ndiye aliyeshuka bondeni kukata mafunjo. Mtumbwi wake ulikuwa wa gogo moja, mrefu, na ndani yake alikuwa ametandika matita ya mafunjo aliyoyakata siku hiyo, bado yanatiririka maji. Tulikaa juu yake. Hapo ndipo harufu ile iliponiingia na haijatoka.

"We mutoto, kaa chini, apa hakuna kusimama," aliniambia. "Mutumbwi si kama kitanda ya mama yako." Halafu akamtazama baba na dumu lake, akacheka. "Ile dumu iko nzito, ndugu. Mi naona tutafika salama, lakini dumu sijui kama itafika nzima."

Sikuelewa kwa nini mtu anataniana na watu wanaokimbia. Nikadhani ndivyo wanaume wanavyojikaza.

Naomba niseme jambo moja kuhusu safari ile, kwa sababu kwa miaka mingi niliidai iwe ya kutisha na ukweli ni kwamba ilikuwa rahisi, tena ya raha. Ruvubu ikijaa wakati wa mvua huacha mabwawa bondeni, moja baada ya jingine, na wavuvi wamekata vijia ndani ya mafunjo kuyaunganisha. Mtu anayevijua vijia hivyo anaweza kutoka kilima hadi kilima bila kupanda mlima hata mmoja, na kwa Bugendana hiyo ni neema. Saidi alisimama nyuma, akatia upondo ndani ya maji, akausukuma taratibu, nasi tukateleza. Mafunjo yalifunga pande zote mbili, marefu kumpita baba akisimama, halafu yakafunguka ghafla na tukawa kwenye bwawa lililotulia, jekundu kwa jua la kuzama, na maua ya yungiyungi yanajifunga. Kisha kijia tena. Kisha bwawa jingine. Juu vilimani moshi wa majiko ulipanda nyumba kwa nyumba, na tulisikia watu wanaitana ili wale. Mdogo wangu alitumbukiza vidole majini akacheka. Mama hakumkataza.

Mimi nilikuwa nasikiliza nyuma. Nilikuwa nasubiri mlio wa Karibu. Tulivuka bwawa la kwanza, la pili, sikusikia kitu, na moyo wangu ulitulia kidogo kwa sababu mbuzi aliyefungwa angelia. Nilimwambia bibi kimoyomoyo kwamba nimetimiza.

Tulipokaribia mahali ambapo kijia kinaungana na mto wenyewe, Saidi aliinua upondo, akaacha mtumbwi uende wenyewe. "Sasa munyamaze," akasema. "Wako pale nyuma ya mafunjo. Wakisikia makelele watakuja."

Nilimwona baba anainama, mama anamziba mdogo wangu mdomo kwa kiganja. Nikasubiri nisikie viatu, au mtu akituita tusimame. Badala yake maji yalifura mbele yetu, yakatoka masikio mawili madogo ya ajabu, pua pana, na pumzi iliyotoka kwa kishindo. Kiboko alitutazama. Alikuwa na uso wa mtu aliyeamshwa. Kisha akazama, na viputo vyake vikaenda zake upande mwingine.

"Ah, huyu mama namujua," Saidi akasema. "Yeye hana maneno. Mi naogopa bibi yangu wa nyumbani kumupita huyu."

Sijawahi kufurahi hivyo kumwona kiboko, na sidhani kama kuna mtu wa bonde lile aliyewahi. Nilicheka hadi nikakojoa kidogo kwenye gauni la kanisani, jambo ambalo mafunjo mabichi yalinisaidia kulificha.

Tulishuka chini ya kilima cha shangazi giza likianza kuingia. Niliamini ni kituo cha kwanza, kwamba tutalala hapo na alfajiri tutaendelea hadi Muyinga na kuvuka mpaka. Lakini juu kulikuwa na taa, na vigelegele, na wanawake wamekaa uani juu ya mikeka. Baba akafungua dumu la njano na ikatoka harufu ya pombe ya ndizi, si ya maji. Akatumbukiza mirija. Mama akaweka kikapu cha viazi na maharage mlangoni, akaingia chumbani, akatoka amebeba kitu kilichofungwa kwa kitenge, na akanionyesha uso mdogo mwekundu wenye hasira.

"Huyu ni Divine," alisema. "Ana siku nane. Tumekuja kuhemba."

Kuhemba ni kwenda kumpongeza mtu aliyejifungua, na huendi mikono mitupu. Unampelekea mzazi chakula na wageni wake kinywaji. Ndiyo maana ya dumu. Na kule kuficha? Mama aliwaeleza wanawake, wote wakacheka: dumu ni moja, na kilima chetu kina watu ambao wakisikia pombe inashuka bondeni, mtumbwi wa Saidi ungezama pale pale. Kila mtu alicheka isipokuwa mimi. Nilisimama na gauni lenye maji, nikaelewa kwamba hatukimbii, kwamba kesho tunarudi nyumbani, na kwamba nyumbani hakuna mbuzi.

Ndipo shangazi Spès, akiwa kitandani, akaniita nikae karibu naye. "Haya, binti yangu, nipe habari. Mbuzi wangu anaendeleaje? Anakaribia? Mtoto wake wa kwanza tutamfuga na huyu Divine, watakua pamoja."

Nilifungua mdomo na kilichotoka ni kilio. Si kilio cha mtoto anayetaka kubembelezwa. Nililia kama msibani, hata wanawake wa uani wakanyamaza. Mama alinishika mkono, akaomba radhi, akanitoa nje nyuma ya jiko.

"Nini? Umeumwa na nini?"

"Nimemfungua Karibu."

"Umemfungua? Kwa nini?"

"Kwa sababu tunakimbia."

Nilisubiri kofi. Nilistahili, na kusema kweli ningelipokea vizuri. Mama hakunipiga. Akachuchumaa mbele yangu, akafungua kitenge kizuri, akafungua na kile cha chini. Kiunoni, juu ya ngozi, alikuwa amejifunga mfuko wa nailoni kwa ukanda wa kitambaa. Niliujua mfuko ule. Ndani yake mlikuwa na karatasi zetu za kambini zenye mihuri, kadi zetu za ubatizo, na ile picha ya familia nzima tumesimama na namba kifuani.

"Baba yako ananiambia kila siku niviache vitu hivi sandukuni," alisema. "Hata sokoni naenda navyo. Hata kanisani. Leo nilimwambia nimeviacha." Akavuta pumzi. "Saidi aliposema tunyamaze, mwanangu, mimi pia sikufikiria kiboko."

Sikuwa nimewahi kumwona mama akiogopa. Pengine alikuwa anaogopa siku zote na mimi nilidhani ndivyo uso wake ulivyo. Aliufunga tena mfuko, akanifuta kamasi kwa upindo wa kitenge, akasema tusimwambie baba habari ya mfuko, na habari ya mbuzi atamwambia yeye. Nililala pembeni yake usiku ule, na kila alipogeuka nilisikia nailoni inachakarika.

Asubuhi tulirudi kwa miguu. Baba alikuwa ameshaambiwa, nilijua kwa sababu alitembea mbele bila kutaniana na mtu. Mbuzi mwenye mimba, kilimani, usiku kucha bila kamba: mbwa, wezi, mto. Nilikuwa nahesabu njia zote za kufa kwa mbuzi, nikazirudia upya kila tulipopanda mwinuko. Nilikuwa pia natunga maneno ya kumwambia shangazi, na hayakuwepo.

Mtu wa kwanza tuliyemwona uani kwetu alikuwa mzee Kabura. Alikuwa amekaa kwenye kinu chetu kilichopinduliwa, mikono magotini, kama mwenye nyumba. Nikajua basi, ameshahamia. Alisimama. Mzee Kabura aliwahi kufanya kazi miaka mingi mjini, na alipenda kutusemesha Kiswahili ili watoto wake wasikie baba yao alivyo mtu wa dunia.

"Ninyi watu," alianza, "mbuzi yenu jana iko mu maharagi yangu. Mistari mbili, kwisha. Mistari mbili!" Akaonyesha vidole viwili, mmoja mmoja, ili tusikosee. "Mi nikaja apa kulalamika, nakuta mulango umefungwa, moto umezimwa. Nikasema, kumbe hawa wameenda kuhemba kwa Spès. Bila kuniambia! Mi jirani yenu!"

Baba akaanza kuomba radhi. Mimi sikusikia maneno yake. Nyuma ya mzee Kabura, kwenye nguzo ile ile, Karibu alikuwa amelala akitafuna, tumbo pande zote mbili, amewekewa majani ya viazi na sufuria ya maji. Shingoni alikuwa amefungwa kamba ndefu ya mkonge yenye vifundo vifundo.

"Ile kamba yenu sijaiona," Kabura akasema. "Nimefunga na hii yangu ya kupimia. Utanirudishia, ndugu, juma kesho tupande ile miti ya mupaka, tumalize. Upande wako ni ule tulisema." Akamtazama mama. "Nimemufunga vizuri. Nilijua mutarudi leo."

Aliyasema kama mtu anayesema kesho ni Jumapili. Kwake hapakuwa na swali lolote. Tulikuwa watu wa pale, tumeenda kuhemba, tutarudi, na tulipaswa kumkuta mbuzi wetu amefungwa. Nilienda nikamkumbatia Karibu shingo, kamba ya kupimia ikanikwaruza shavu, na nikamwomba mzee Kabura msamaha kimoyomoyo kwa wiki nzima ya chuki. Kwa sauti sikuthubutu, angetaka kujua kwa nini.

Mama alimwambia asubiri, kuna pombe kidogo imebaki kwenye dumu, ambalo baba alikuwa amelibeba kurudi nalo. Halafu akaingia ndani. Nilimfuata hadi mlangoni. Alisimama mbele ya sanduku, akatia mkono chini ya vitenge alivyojifunga, akavuta, na mfuko ukatoka. Aliushika kidogo. Akauweka chini kabisa, chini ya mablanketi, akafunga sanduku, akatoka kumtafutia jirani mrija.

Karibu alizaa mapacha baada ya majuma mawili. Mmoja akashuka bondeni kwa mtumbwi wa Saidi, akipiga kelele njia nzima, na viboko hawakujali.

Hayo yote yalinirudia pale sokoni kwa sababu ya mkeka. Niliununua, nikaufunga kwa kamba, nikampigia mama simu Bugendana. Baba hayupo tena, mama anaishi peke yake, na kizazi cha Karibu kimefika hata sijui kitukuu cha ngapi. Tulipanga aje Gitega jioni ile ile ili asubuhi twende pamoja Gashoho, tumhembe yule Divine aliyekuwa na uso wa hasira, ambaye sasa ana mtoto wake wa kumkasirikia.

"Umefunga mizigo?" nikamuuliza.

"Mizigo gani? Nguo ya kubadili, basi. Na kitambulisho, maana polisi wa barabarani hawana utani."

"Na ule mfuko wa nailoni?"

Akacheka. Alijua nasema nini. "Uko sandukuni. Panya wakitaka wasome."

"Na mbuzi, mama?"

Nilisikia anatembea uani, anasukuma kitu kwa mguu, na mbuzi analia kidogo kwa uvivu karibu na simu.

"Nimemfunga," alisema. "Watoto wa Kabura watamwekea majani. Si narudi keshokutwa?"